Sura ya Sita: Aliyeona Aseme

Tarehe 23 Desemba 1972, katika uwanja wa Three Rivers mjini Pittsburgh, zilikuwa zimebaki sekunde 22 mchezo uishe. Oakland Raiders waliongoza kwa pointi 7 dhidi ya 6 za Pittsburgh Steelers, na wenyeji walikuwa wamefikia jaribio lao la mwisho. Terry Bradshaw wa Pittsburgh alikimbizwa huku na huku na walinzi, kisha akaurusha mpira mbali kumlenga mwenzake, John Fuqua. Mpira ulimfikia Fuqua wakati uleule alipofikiwa na mlinzi wa Oakland, Jack Tatum. Wakagongana kwa kishindo, mpira ukaruka kurudi ulikotoka, na kabla haujagusa chini Franco Harris akaudaka karibu kabisa na viatu vyake, akakimbia nao mpaka ndani ya eneo la bao. Uwanja mzima ukalipuka kwa kelele.

Furaha ile ilitangulia uamuzi. Kwa sheria ya wakati ule, mchezaji wa timu inayoshambulia hakuruhusiwa kuudaka mpira uliotoka kuguswa na mwenzake peke yake. Kama mpira ulimgonga Fuqua tu, bao la Harris lilikuwa batili. Kama Tatum naye aliugusa, lilikuwa halali. Ushindi wa mechi ya mtoano ukawa unategemea mguso uliodumu chini ya sekunde moja, katikati ya miili miwili iliyokuwa ikigongana.

Mwamuzi mmoja, Adrian Burk, alionyesha ishara ya bao. Wengine hawakuonyesha chochote. Mwamuzi mkuu, Fred Swearingen, akawaita wote pamoja. Burk na ampaya Pat Harder walisema wanaamini Tatum aliugusa mpira. Watatu waliobaki walisema hawakuwa mahali pa kuweza kuona. Swearingen akaenda kwenye simu iliyokuwa pembeni mwa uwanja, akazungumza na Art McNally, mkuu wa waamuzi wa ligi aliyekuwa juu kwenye eneo la waandishi wa habari, kisha akarudi uwanjani na kuinua mikono yote miwili. Bao. Steelers walishinda 13 kwa 7.

Kwa zaidi ya miaka 50 mashabiki wameendelea kubishana kama kweli Tatum aliugusa mpira ule. Ubishi huo nawaachia wenyewe. Ninaokuomba uwatazame, msomaji, ni wale waamuzi watatu. Walisimama mbele ya maelfu ya watu waliokuwa wakipiga kelele za ushindi. Mwenzao alikwisha kuonyesha ishara. Kuitikia kwa kichwa kusingewagharimu kitu, na uamuzi ungeonekana umeungwa mkono na kundi zima. Badala yake walitamka kwamba hawakuona. Kwa kauli hiyo walimpa kiongozi wao ushahidi safi: watu wawili walioona, na si watu watano ambao watatu kati yao wanakisia.

Naamini kwamba hilo ndilo tendo la juu kabisa katika kazi ya kuamua kwa pamoja, na sura hii yote inalieleza kupitia waamuzi wa futiboli ya Kimarekani. Nimewachagua wao kwa sababu kazi yao imegawanywa kwa namna isiyomruhusu yeyote kujua kila kitu, na makosa yao yamerekodiwa kwa kamera mbele ya macho ya mamilioni.

Macho saba, maeneo saba

Kwa asiyeufahamu mchezo huu, maelezo machache yatatosha. Kila timu huwa na wachezaji 11 uwanjani. Timu yenye mpira hupewa majaribio manne ya kusogea yadi 10. Ikifaulu hupata majaribio mengine manne, ikishindwa mpira huenda kwa wapinzani. Kila jaribio ni tukio fupi la sekunde chache, lakini ndani yake wachezaji 22 hutawanyika, wakasukumana, wakashikana na kuangushana kwa wakati mmoja, katika uwanja wenye urefu wa yadi 100 kati ya mstari mmoja wa bao na mwingine.

Ndiyo maana ligi ya NFL huweka waamuzi saba uwanjani. Mwamuzi mkuu huvaa kofia nyeupe, wenzake nyeusi. Yeye husimama nyuma ya timu inayoshambulia na kumwangalia zaidi kwotabeki, yule anayeurusha mpira. Ampaya hutazama vurugu za katikati, wanakopambana wachezaji wazito. Waamuzi wawili husimama kwenye mstari wa kuanzia mchezo, mmoja kila upande wa uwanja. Watatu wengine hukaa mbali nyuma ya walinzi, wawili pembeni na mmoja katikati, wakisubiri wakimbiaji na pasi ndefu. Idadi hii ilikua taratibu kadiri mchezo ulivyozidi kutumia pasi. Wa saba aliongezwa mwaka 1978.

Kila mmoja ana eneo lake na wachezaji wake wa kuwatazama. Nidhamu ngumu kuliko zote katika kazi hii ni kutoufuata mpira kwa macho. Shabiki anaruhusiwa kuufuata. Mwamuzi anayemlinda mkimbiaji wa pembeni akigeuza shingo kuutazama mpira, sehemu ile ya uwanja inabaki bila shahidi, na hakuna wa kuiziba, kwa sababu kila mwenzake ana lake la kutazama. Kwa hiyo kila mmoja hukubali kutoyaona mambo sita makubwa ili alione moja kwa ukamilifu, huku akiamini kwamba wenzake sita wamekubali hivyohivyo.

Imani hiyo hutunzwa kwa mazungumzo yasiyokatika, na mengi kati yake hayana sauti. Kabla ya kila jaribio waamuzi huhesabu wachezaji, baadhi upande wa washambuliaji na baadhi upande wa walinzi. Akiwapata 11, mwamuzi hukunja ngumi na kuionyesha kwa mwenzake, ambaye naye hujibu kwa ngumi. Mpira unapopigwa kuelekea kwenye milingoti, waamuzi wawili husimama chini yake, kila mmoja na mlingoti wake. Hushauriana kwa neno moja, kisha husogea mbele na kutoa ishara kwa pamoja. Mpira unapodakwa karibu na mstari wa pembeni, mwamuzi aliye na mwenzake jirani hufundishwa kumtazama machoni kwanza, ndipo mikono ipande.

Hata ile bendera ya njano inayorushwa chini wakati wa kosa ilianza kama chombo cha mawasiliano. Zamani waamuzi walipuliza honi na vipenga, na katika kelele za uwanja wengi hawakujua kwamba kosa limeitwa. Mwaka 1941 kocha Dwight Beede wa Youngstown, Ohio, alipendekeza kitambaa cha rangi, na mkewe Irma akavishona vya kwanza. NFL iliikubali bendera mwaka 1948. Mwaka 1975 ligi hiyo ilimpa mwamuzi mkuu kipaza sauti, na kuanzia hapo mashabiki wakaanza kusikia sababu ya uamuzi kutoka kinywani mwake.

Kila mtu alidhani mwingine anahesabu

Kosa la kwanza ninalotaka kulichunguza linaonekana dogo mno kutokea: kuhesabu mpaka nne.

Tarehe 6 Oktoba 1990, Chuo Kikuu cha Colorado kilikuwa ugenini dhidi ya Missouri, mjini Columbia. Colorado walikuwa nyuma 31 kwa 27 na muda ulikuwa unakwisha. Walipata jaribio la kwanza karibu kabisa na mstari wa bao. Kwotabeki Charles Johnson akaupiga mpira chini makusudi ili kuisimamisha saa. Mbinu hiyo ni halali, lakini inakula jaribio moja. Jaribio la pili, Eric Bieniemy alikimbia na mpira akazuiwa. Colorado wakaomba mapumziko mafupi, na hapo ndipo mambo yalipoharibika. Nguzo ya pembeni yenye namba inayoonyesha jaribio la ngapi haikubadilishwa. Mchezo uliporudi, nguzo ilisema la pili ilhali lilikuwa la tatu. Bieniemy akazuiwa tena. Johnson akaupiga mpira chini tena, zikiwa zimebaki sekunde mbili. Hilo lilikuwa jaribio la nne, na kwa haki mpira ulipaswa kuwa wa Missouri. Lakini Colorado waliachwa wacheze tena, na Johnson akajirusha kwenye eneo la bao. Matokeo yakawa 33 kwa 31, na hayakubadilishwa. Mwisho wa msimu Colorado waligawana ubingwa wa taifa na Georgia Tech. Waamuzi wote wa mechi ile walisimamishwa kazi.

Waamuzi hubeba kinga ya kosa hili mkononi. Ni ukanda mwembamba unaovaliwa kwenye kifundo cha mkono, wenye kitanzi kinachohamishwa kutoka kidole hadi kidole: kidole cha kwanza kwa jaribio la kwanza, cha pili kwa la pili, hadi cha nne. Mantiki yake ni kwamba kila mmoja awe na hesabu yake, ili hesabu hizo zikaguane. Lakini nguzo ya pembeni inaonekana na kila mtu, na mtu akiwa na wasiwasi huinua macho kuitazama, kisha akairekebisha hesabu yake ifanane nayo. Hapo hesabu nyingi hugeuka kuwa moja, na ikiwa imekosewa hakuna iliyobaki ya kuipinga. Watu wengi kuwepo mahali pamoja hakuleti usalama wowote iwapo wote wanasoma kibao kimoja.

Kosa kama hilo lilikuwa limetokea tarehe 16 Novemba 1940, Cornell walipowafunga Dartmouth 7 kwa 3 kwa jaribio la tano. Baada ya filamu ya mechi kutazamwa, mwamuzi mkuu Red Friesell alikiri kosa lake, na Cornell wakaukabidhi ushindi kwa Dartmouth. Kumbukumbu rasmi zinasema Dartmouth 3, Cornell 0. Nalitaja tukio hili kwa heshima kubwa. Unyofu wa mwamuzi mmoja uliifungulia mlango heshima ya chuo kizima.

Ishara mbili mahali pamoja

Mwaka 2012 NFL iliwafungia nje waamuzi wake wa kawaida kwa sababu ya mgogoro wa mkataba, na msimu ukaanza na waamuzi wa muda. Usiku wa tarehe 24 Septemba, mjini Seattle, Green Bay Packers waliwaongoza Seattle Seahawks 12 kwa 7. Katika mchezo wa mwisho, Russell Wilson wa Seattle aliurusha mpira juu kuelekea eneo la bao. Kundi la wachezaji likaruka. M.D. Jennings wa Green Bay na Golden Tate wa Seattle walianguka chini wote wakiwa wameukumbatia mpira uleule.

Waamuzi wawili walikimbilia pale, wakawa hatua chache tu kutoka kwa wachezaji na kutoka kwa wenzao. Mmoja aliinua mikono yote miwili: bao. Mwingine aliipunga mikono juu ya kichwa: saa isimame. Hawakuwa wameulizana. Picha yao wakiwa wamesimama bega kwa bega na ishara zinazopingana ilisambaa dunia nzima.

Wengi huikumbuka picha hiyo kama ushahidi wa watu wasioijua kazi. Mimi naona ndani yake somo la mpangilio. Mpira unaposhikwa kwa pamoja na wachezaji wa timu mbili, sheria humpa wa timu inayoshambulia, kwa hiyo swali la kuulizana lilikuwa fupi: nani aliushika kwanza? Sekunde tano za kulijibu zingetosha. Lakini ishara ikishatolewa hugeuka kuwa uamuzi wa uwanjani, na marudio ya video hayawezi kuutengua bila ushahidi ulio wazi. Mwamuzi mkuu alipokwenda kuitazama video hakuona cha kutosha kuubadilisha. Bao likabaki, na mechi ikaisha 14 kwa 12. Kesho yake ligi ilitoa taarifa kwamba Tate alipaswa kuadhibiwa kwa kumsukuma mlinzi kabla ya kuruka, jambo ambalo hakuna mwamuzi aliyelirushia bendera. Siku mbili baada ya mechi, makubaliano na waamuzi wa kawaida yakafikiwa.

Kauli ya kwanza ina uzito usiolingana na zile zinazoifuata. Anayewahi kusema hubadilisha kazi ya wote walio baada yake: kabla yake walikuwa wanatafuta ukweli, baada yake wanatafuta sababu ya kumpinga. Kwa hiyo mahali pa kushauriana ni kabla ya mikono kupanda.

Taarifa iliyochelewa

Haya ya Seattle yangeweza kusingiziwa ugeni wa waamuzi wale. Tukio la tarehe 4 Januari 2015 halina kisingizio hicho. Dallas Cowboys na Detroit Lions walikutana katika mechi ya mtoano, na Detroit waliongoza 20 kwa 17 katika robo ya mwisho. Matthew Stafford wa Detroit alirusha pasi kwa mwenzake Brandon Pettigrew, aliyekuwa akikabwa na Anthony Hitchens wa Dallas. Mwamuzi wa nyuma akarusha bendera. Mwamuzi mkuu, Pete Morelli, akatangaza kwenye kipaza sauti kwamba mlinzi ameingilia pasi. Kisha mwamuzi mwingine, aliyeliona tukio kutoka pembe tofauti, akaleta maoni kwamba mgusano ulikuwa mdogo. Bendera ikaokotwa. Mchezo ukaendelea bila adhabu na bila uwanja kuelezwa sababu. Detroit wakalazimika kuupiga mpira kwa wapinzani, Dallas wakafunga, na mechi ikaisha 24 kwa 20.

Kuokota bendera kwenyewe hakuna aibu. Hutokea mara kwa mara, na mara nyingi ni dalili kwamba waamuzi wanasikilizana. Kasoro ilikuwa mpangilio: tangazo lilitangulia mashauriano. Aliyekuwa na taarifa nyingine alipaswa kufika kabla ya kipaza sauti kuwashwa, na mwenye kipaza sauti alipaswa kuhakikisha hakuna aliye njiani kumjia. Kisha kimya kikafuata pale ambapo watu walistahili maelezo.

Kuna jambo jingine ambalo msomaji asiye wa Marekani huenda halijui. Katika msimu wa kawaida waamuzi hufanya kazi wakiwa kundi moja wiki hadi wiki. Kwenye mtoano, ligi huwachagua kwa alama za mmoja mmoja, hivyo watu wanaofanya vizuri kutoka makundi tofauti hujikuta pamoja. Kila mmoja wao ni hodari. Ila kundi lililozoeana lina hazina isiyoandikwa kwenye alama za mtu: linajua nani hunyamaza akiwa na shaka, nani huongea haraka, na kwamba mwenzao anapotembea kwa namna fulani kumwendea mwamuzi mkuu, ana neno la kusema. Hazina hiyo hutoka kwenye vikao vya kabla ya mechi, kwenye filamu zinazotazamwa pamoja, na kwenye kukosolewa mbele ya wenzako bila kudhalilishwa.

Kamera nyingi, ukimya uleule

Shabiki wa soka aliyeizoea VAR atauliza mara moja: kwa nini tusiiachie video? NFL imejaribu kwa kiasi kikubwa. Tangu 2014 mwamuzi mkuu hushauriana na kituo cha ligi kilichopo New York wakati wa marudio, na tangu 2017 uamuzi wa mwisho wa marudio hufanywa huko. Makosa mengi yamerekebishwa kwa njia hiyo, na ni jambo jema.

Lakini tarehe 20 Januari 2019, mjini New Orleans, mechi ya kuwania nafasi ya fainali ikiwa sare ya 20 kwa 20 na chini ya dakika mbili zimebaki, Nickell Robey-Coleman wa Los Angeles Rams alimgonga Tommylee Lewis wa Saints kabla mpira haujamfikia. Watazamaji wa nyumbani waliliona. Hakuna bendera iliyorushwa, na sheria ya wakati ule haikuruhusu video kuokoa kosa la aina hiyo. Rams walishinda 26 kwa 23 katika muda wa nyongeza. Ligi ikabadilisha sheria, na msimu wa 2019 uingiliaji wa pasi ukaweza kupitiwa kwa video, hata ule ambao haukuitwa. Jaribio hilo lilidumu msimu mmoja tu. Mgusano ambao mtu haupimi kwa jicho peke yake, bali kwa uzoefu na mahali aliposimama, haukuwa rahisi zaidi kuamuliwa kwa sababu umesogezwa mbele ya skrini.

Teknolojia imeongeza idadi ya macho. Haijampa mtu ujasiri wa kusema alichokiona wakati wenzake wamenyamaza, wala ujasiri wa kukiri asichokiona wakati wenzake wameshasema. Ujasiri huo hufundishwa na watu.

Namna ya kuuliza

Waswahili husema wengi wape, na katika ugomvi wa mtaani au kikao cha ukoo usemi huo umeokoa amani nyingi. Waamuzi hawawezi kuutumia. Wakikutana katikati ya uwanja hawapigi kura. Sauti moja ya aliyesimama mahali sahihi inazishinda sauti sita za waliokuwa mbali, hata kama huyo mmoja ndiye mgeni katika kundi na sita ni wakongwe.

Kwa sababu hiyo mwamuzi mkuu mzuri ana namna yake ya kuuliza. Humwanzia aliyerusha bendera: uliona nini, nani alifanya, wapi? Huuliza tukio kabla ya hukumu, kwa maana mtu akianza na hukumu atalipanga tukio liifuate. Kisha huwageukia wengine: nani aliona kitu tofauti? Haulizi nani anakubali, kwa kuwa swali hilo huvuna vichwa vinavyoitikia. Jibu likipatikana hulirudia kwa maneno yake, waliotoa ushahidi wasikie kama amewaelewa, ndipo huwasha kipaza sauti. Kufika hapo, uamuzi unakuwa wa wote. Anayetofautiana nao haendi kulionyesha hilo usoni mbele ya makocha. Nafasi yake ilikuwa kwenye kikao, na itakuwepo tena filamu itakapotazamwa.

Utaratibu huu unafaa mbali na uwanja: kwenye chumba cha upasuaji, kwenye kamati ya shule, kwenye kikundi cha akiba kinachokagua hesabu zake. Kila mahali ambapo watu kadhaa wameona vipande tofauti vya jambo moja, hatari kubwa hutoka kwa yule anayejaza pengo kwa kukisia ili asionekane hana mchango. Hufanya hivyo kwa kuogopa, na hofu hiyo mara nyingi imepandwa na aliye juu yake. Kiongozi anayetaka kauli za kweli hana budi kuipokea "sikuona" kwa heshima ileile anayoipokea "niliona". Asipofanya hivyo, watu wake watajifunza kuona mambo ambayo hayakutokea.